Zamda Asimamisha Winchi

Kariakoo kuna watu wanaojua bei ya kila kitu, na kuna watu wanaokijua kitu chenyewe. Wa kwanza wamejaa tele, ukimkanyaga mmoja umewakanyaga wanne. Wa pili ni wa kutafutwa kwa tochi. Zamda Kibwana, mzaliwa wa Magomeni, alikuwa wa hao wa pili, na kwa miaka tisa hakuna aliyemjua isipokuwa wateja wa duka la Mzee Narendra.

Duka lenyewe liko upande wa Gerezani, limebanwa kati ya muuza mabomba na muuza rangi. Humo zinauzwa kamba za katani, kamba za nailoni, minyororo, ndoano, na kamba za waya za kunyanyulia mizigo mizito. Narendra alilirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Alikuwa na mtoto mmoja, Ronak, ambaye alikwenda kusoma Ulaya akasahau njia ya kurudi. Ndiyo maana watu wote pale, kuanzia makuli hadi mama ntilie, walimwita Baba Ronak, na Zamda akamwita hivyo hivyo.

Zamda aliajiriwa kufagia na kupanga bidhaa. Mwezi wake wa tatu kazini, Narendra alimpa kipande cha kitambaa kikuukuu cha pamba na kumwonyesha namna ya kukipitisha juu ya kamba ya waya taratibu, kwa urefu wote. Kitambaa kikiteleza, kamba nzima. Kikinasa, hata kidogo, kuna uzi wa chuma umekatika, na kamba yenye uzi uliokatika haina dawa, la kuvunda halina ubani. Basi mzee akawa na mchezo wake: anachanganya kamba moja mbovu na kumi nzima, anamwambia msichana achague. Mwaka haujaisha, Zamda akawa haombi tena kitambaa. Anaziangalia tu zilivyolala sakafuni, anaisukuma mbovu kwa kidole cha mguu. Narendra hakumsifu. Alichofanya ni kuacha kuzikagua mwenyewe, na kwa mfanyabiashara wa Kariakoo hiyo ni sifa kuliko medali.

Sasa, mteja akikosea akashika kamba mbovu, Zamda hakuwahi kusema mbele za watu kwamba hii mbaya. Ingekuwa kumwaibisha bosi wake dukani kwake. Aliweka kiganja juu yake, akaisogeza pembeni kimyakimya, akasema, "Hii haikufai kaka, chukua ile." Ndivyo alivyolelewa. Mama yake, Bi Maimuna, alimfunza tangu hajaota meno ya pili kwamba mkubwa akikosea hasemwi hadharani. Anavutwa pembeni, anaombwa radhi kwanza, kisha anaambiwa kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo adabu ya Magomeni, na Zamda aliivaa kama ngozi yake.

Siku moja akaja dukani mwanamume aliyepita makamo, kichwa cheupe, mabega mapana, mkononi karatasi yenye orodha ndefu. Aliitwa Ansbert, mtu wa Bukoba, na kwa miaka ishirini na tano alifanya kazi kwenye mitambo ya mafuta na gesi katikati ya bahari, huko kwa watu na huku kwetu. Alitaka kamba za waya thelathini. Zamda akaanza kuzitoa, hii ndiyo, hii siyo, hii ndiyo, hii siyo, bila kitambaa wala miwani. Ansbert akaacha kuisoma orodha yake akabaki kumtazama yeye. Kisha akazichukua zile zilizosukumwa pembeni, akazikagua moja moja kwa dakika kumi nzima. Zote zilikuwa mbovu.

Akauliza nani kamfundisha. Zamda akamwonyesha Narendra kwa kidevu. Hapo Ansbert akaeleza shida yake. Kuna meli ya kuchimba visima vya gesi inakuja kufanya kazi kusini, mbali na pwani ya Mtwara, na kampuni imekubali kuajiri mariga kumi na wawili Watanzania, yaani watu wa kufunga mizigo na kuielekeza winchi inapoinyanyua. Yeye anawafundisha kwenye yadi moja Kigamboni, na orodha inafungwa mwisho wa mafunzo. Kumi na mmoja ameshawapata, wote wana mikono. Anakosa mmoja mwenye macho.

Ungemuuliza Zamda kwa nini moyo ulimruka pale, asingekwambia mshahara, ingawa mshahara ulikuwa wa kuruka moyo. Miaka tisa aliuza kamba zinazokwenda kubeba vitu vizito mahali pengine, na hata siku moja hakuiona kamba ikiwa kazini. Zilitoka mlangoni, basi. Alitaka kuiona imekaza, imebeba. Alilitaka jambo hilo hadi akaona haya mwenyewe.

Narendra alipoambiwa alinuna. Alisema aende, bahari si ya baba yake, na akishindwa kiti chake kipo. Kisha akageukia hesabu zake ambazo alikuwa ameshazimaliza asubuhi.

Bi Maimuna hakuwa mwepesi hivyo. Wiki tatu majini, na wanaume? Alale wapi? Aswali wapi? Ansbert, ambaye kwa Mhaya alikuwa na uvumilivu wa ajabu wa kusikiliza, alivuka maji pamoja na mkewe Euphrasia, wakaenda Magomeni, wakakaa mkekani, wakanywa kahawa kwa kashata, wakajibu kila swali. Chumba cha wanawake kipo na kinafungwa kwa ndani. Kibla wanakionyesha kwa dira. Chakula halali kipo. Bi Maimuna alimsikiliza zaidi Euphrasia kuliko mumewe, na mwisho akasema amekubali kwa sharti moja. Akamgeukia binti yake.

"Nenda, mwanangu. Lakini usiende huko ukasahau adabu yako."

Zamda akaahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, na ahadi hiyo ilikaribia kumnyima kila kitu.

Kila alfajiri alishuka kutoka Magomeni hadi Mnazi Mmoja, akakata uwanja kwa miguu, akapita Posta, akafika Kivukoni na kupanda pantoni na wauza samaki. Wanafunzi wenzake walimwangalia kwa jicho la pembeni. Mwanamke, mtandio umebana kichwani, juu yake kofia ngumu, overoli kubwa kama gunia. Mmoja, Gaudens, fundi wa kuchomelea kutoka Keko, alimuuliza kama amekuja kupika. Zamda akamjibu kwamba kupika anajua, ila leo amekuja kuangalia kama wanaume wanajua kufunga mafundo. Wakacheka, na Gaudens akacheka kuliko wote, kwa sababu fundo lake lilikuwa limefunguka.

Likaja bwawa. Huwezi kwenda kwenye meli ile bila kuthibitisha kwamba helikopta ikianguka majini utatoka hai. Wanakufunga mkanda ndani ya kizimba cha chuma, kizimba kinazamishwa, kinapinduliwa, na wewe uko kichwa chini unatafuta dirisha. Kabla ya hapo Ansbert aliuliza nani hajui kuogelea. Wanaume kumi na mmoja, wote wa mji wa bahari, wakanyamaza kimya cha wajuzi. Zamda peke yake akanyoosha mkono. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa amekuja kuzaa. Basi akaanzishwa mwanzo, kwenye maji ya magotini, kila siku baada ya masomo, anakunywa maji ya bwawa, anakohoa, anarudi. Siku ya kizimba, watano kati ya wale kumi na mmoja walivutwa juu wakitapatapa, kumbe walikuwa wanajua bahari ya kuitazama. Zamda alishindwa mara mbili. Mara ya tatu alitoka dirishani macho yamemwiva, mtandio umemganda usoni, akauliza kama anaruhusiwa kurudia ili awe na hakika. Toka siku hiyo Gaudens alimwekea nafasi kwenye benchi.

Katika wiki ya sita ukafika mtihani wa winchi.

Walipanga kreti la mabomba, kamba za waya nne, na chini yake wakamweka mtu wa bandia aliyejazwa mchanga, amevalishwa overoli. Wanafunzi walikuwa wameshambatiza jina: Marehemu. Ansbert mwenyewe alikuwa msimamizi wa kunyanyua, mkubwa wa kazi, na kila mwanafunzi kwa zamu alikuwa msaidizi wake. Zamu ya Zamda ilipofika, Ansbert akainua mkono kumwashiria dereva wa winchi apandishe.

Zamda aliiona pale pale. Kamba ya kushoto, karibu na kitanzi, nyuzi tatu zimetokeza. Aliiona akiwa hatua nne mbali, kama alivyozoea dukani. Na akafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa vizuri pwani hii angefanya. Alimsogelea Ansbert, akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani baba, naomba nikuone pembeni kidogo."

Ansbert akamfuata pembeni. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na winchi nyuma yao ilikuwa inapandisha, kwa sababu hakuna aliyeiambia isipandishe. Kabla Zamda hajamaliza kuomba radhi, kamba ikakatika. Ilikuwa imeandaliwa ikatike. Kreti likalala upande, mabomba yakamwagika, na Marehemu akawa marehemu kweli, mchanga umetapakaa hadi kwenye viatu vyao.

"Uliiona?" Ansbert akauliza.

"Niliiona."

"Lini?"

"Kabla haijanyanyuka."

Ansbert aliokota kofia ngumu ya Marehemu, imepasuka katikati, akampa aishike. Kisha akamwambia neno ambalo Zamda alilibeba kwa muda mrefu: kwamba mtu huyu hakuuawa na kamba, kwa maana kamba ilikwisha onekana. Kauawa na adabu. Juu ya meli, aliye mdogo kuliko wote anaweza kusimamisha kazi ya mkubwa kuliko wote, mbele ya kila mtu, kwa sauti, bila kuomba. Asiyeweza hilo hapandi meli, hata awe na macho ya mwewe. Marudio Jumamosi ijayo. Akishindwa, nafasi yake anapewa mwingine, na wa kuipokea alikuwa tayari anasubiri getini.

Zamda alilia kwenye pantoni, akiwa amegeukia maji ili wauza samaki wasimwone. Wiki sita, bwawa lote lile, na kinachomkwamisha ni malezi mema!

Akajaribu kujifunza. Alisimama mbele ya kioo akasema "simama", na sauti ikatoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alipanga kuanza na jambo dogo. Kesho yake kwenye foleni ya pantoni mzee mmoja wa kanzu akampita na kuingia mbele yake. Zamda akajisemea, hapa hapa. Akafungua kinywa, akavuta pumzi, na kilichotoka kikawa "Shikamoo." Mzee akaitikia marahaba, akampita na mtu mwingine mbele yake.

Alhamisi hakukuwa na masomo. Akapitia dukani kwa Narendra kumsaidia, maana mzigo mpya ulikuwa unashuka siku ile. Lilikuwa roda kubwa, gurudumu la mbao lililozungushiwa kamba ya waya, zito kuliko gari dogo, juu ya lori lenye winchi yake. Mtaa ulikuwa umeziba. Nyuma ya lori honi, mbele mikokoteni, na mgambo wawili wanatishia kuandika faini. Narendra alisimama ukingoni mwa barabara, mwavuli mkononi, akiamuru kama amiri jeshi. Chini ya mzigo, akiwa ameushika kwa mkono kuuzuia usizunguke, alikuwa Seifu, mkuu wa makuli, mwenye watoto watano na utani usioisha. Walifunga roda kwa kamba iliyotolewa stoo. Narendra akainua mkono, na roda likaachana na lori.

Jua likapiga kwenye kamba, na Zamda akaona kitu kikimeta. Uzi mmoja, kisha mwingine.

Miguu yake ikaanza kwenda. Ilikwenda kwa Narendra, polepole, kwa heshima, na midomo yake ilikuwa tayari imeshika neno samahani. Alikwenda hatua mbili. Wakati huo roda likazunguka kidogo, na kivuli chake kikamfunika Seifu kichwa na mabega, naye akatazama juu akicheka na mtu. Zamda akasimama. Akanyoosha mikono yote miwili pembeni kama walivyofundishwa, na kitu kikapanda kutoka tumboni mwake ambacho hakuwahi kukisikia.

"Simama! Simamisha! Baba Ronak, kamba mbovu! Seifu, toka chini!"

Kariakoo hainyamazi. Hainyamazi kwa msiba, hainyamazi kwa mvua. Siku ile, kwenye kipande kile cha mtaa, ilinyamaza. Dereva wa winchi akaachia mkono wa mtambo. Seifu akaruka pembeni. Roda likashushwa taratibu juu ya lori, na Zamda akapanda, akavua mtandio wa juu aliokuwa amejifunga mabegani, akaupitisha kwenye kamba. Ukanasa, ukachanika. Alipoikunja kamba kwa mikono, ikafunguka kama kikapu kilichooza.

Ndipo muuza juisi ya miwa akacheka na kusema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba leo Mhindi kakaripiwa na mfanyakazi wake. Wengine wakacheka naye, na Narendra akasikia. Aliitazama kamba, akautazama mtaa, akasema iletwe kamba nyingine. Akafunga mwavuli, akaingia ndani.

Zamda akamfuata. Alimkuta nyuma ya meza, gazeti limefunguliwa.

"Miaka arobaini niko mtaa huu," Narendra akasema, bila kuinua macho. "Hakuna mtu aliyewahi kunipigia kelele mbele za watu."

Zamda akasimama mbele ya meza. Mzee huyu ndiye aliyempa kitambaa cha kwanza. Zamda alipofiwa na baba yake, ndiye aliyefunga duka siku mbili akaja Magomeni kukaa jamvini na wanaume, yeye asiyejua hata dua moja.

"Nisamehe kwa kelele, baba," akasema. "Kwa kusimamisha, siombi msamaha."

Narendra akafunua ukurasa wa gazeti. Zamda akatoka.

Habari ilimtangulia Magomeni. Bi Maimuna alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, akamuuliza kama ndiyo adabu aliyoahidi, kumfokea mtu mzima mbele ya makuli. Zamda hakujitetea. Alisimulia tu, kamba, roda, kivuli, Seifu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo Seifu mzima?"

"Mzima."

"Basi ingia ule."

Akampakulia wali wa tui la kwanza, nyama juu. Tangu siku hiyo Bi Maimuna hakulitaja tena lile sharti lake.

Jumamosi Ansbert hakurudia mtego ule ule, maana si mjinga. Kamba zilikuwa nzima zote, ila ndoano haikufungwa kufuli lake. Zamda akanyoosha mikono na kupiga kelele kabla kreti halijaachana na ardhi. Ansbert akaja juu. Akamwambia anachelewesha kazi, akamuuliza yeye ni nani, akamwambia mimi ni rika la baba yako, mtoto huna haya, shusha mikono hiyo. Alisema yote ambayo mkubwa wa pwani na mkubwa wa bara wanaweza kusema. Wenzake walitazama chini kwa kumwonea uchungu. Machozi yalimtiririka Zamda hadi kidevuni, na mikono ikabaki pale pale, imenyooka. Dakika tano nzima. Kisha Ansbert akaenda mwenyewe kuifunga ndoano, akarudi, akatia saini. Gaudens ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Kabla ya kuondoka Zamda alikwenda dukani mara mbili kuaga. Mara zote mbili aliambiwa Baba Ronak katoka. Mara ya pili mke wa Narendra, Mama Ronak, alimletea chupa ya achari ya maembe na kumshika shavu, akamwambia mkubwa ni jalala, ila jalala nalo lina siku linajaa. Zamda aliona viatu vya mzee nyuma ya pazia la stoo. Akachukua achari yake akaenda.

Meli ilikuwa mji. Taa, mitambo, mnara wa kuchimbia uliopita minara yote aliyowahi kuiona Dar, na kuzunguka pande zote maji matupu. Siku ya kwanza alipoona kamba ya waya imekaza, imebeba bomba refu kama mtaa mzima, imetulia, haitikisiki, alisimama akasahau kufumba kinywa. Ansbert, aliyepanda nao kama mkuu wa mariga, alimwacha atazame vya kutosha kabla hajamwita kazini.

Siku ya kumi na moja alisimamisha kazi. Mzigo wa vyakula ulikuwa unapandishwa kutoka boti, akaona mstari mweusi kwenye kamba, akanyoosha mikono. Sitaha nzima ikasimama. Boti ikasubiri, mpishi akasubiri, wazungu kwa Waswahili wakasubiri, dakika arobaini, kamba ikashushwa, ikaoshwa, ikakaguliwa kwa kitambaa na kwa chombo. Ulikuwa mstari wa grisi. Kamba ilikuwa nzima kama siku ilipotengenezwa.

Zamda alitamani sitaha ifunguke. Macho yake, macho ambayo hayakuwahi kukosea dukani miaka tisa, yamekosea mbele ya watu tisini! Usiku hakugusa chakula. Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi msimamizi mkuu wa sitaha, mtu wa maneno machache, akataja jina lake. Zamda akajua anarudishwa nyumbani. Kumbe anashukuriwa. Yule bwana akasema aliyesimamisha akakosea na aliyesimamisha akapatia ni sawa mbele yake, na anayemtia hofu ni yule atakayesita kesho kwa sababu ya jana. Akapiga makofi, na watu wote wakapiga.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Zamda alikwenda chumba cha mapumziko, chenye mtandao, akapiga simu dukani. Ilipokelewa na Mama Ronak, kukawa na minong'ono, kisha sauti ya Narendra.

"Shikamoo, Baba Ronak."

"Marahaba. Hujazama bado?"

Akamweleza yote. Alimweleza kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeelewa aibu ya kukosea kamba. Mstari wa grisi, dakika arobaini, macho yote yale, na makofi ya asubuhi. Alingoja mzee acheke. Mzee hakucheka.

"Niliiona, Zamda," Narendra akasema.

"Uliona nini, baba?"

"Ile kamba ya roda. Niliiona asubuhi nilipoitoa stoo. Nikasema moyoni, mara hii moja tu, kisha naitupa. Lori likaja, mgambo wakaja, watu wakajaa. Roda lilipopanda nikaona nyuzi zinafunguka. Niliona kabla yako. Lakini mkono wangu ulikuwa juu tayari, mtaa mzima unautazama. Nikashindwa kuushusha."

Zamda akaibana simu sikioni.

"Nilikuwa nimesimama pale namwomba Mungu mtu yeyote aseme," mzee akaendelea, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Ukasema wewe. Halafu nikakununia mwezi mzima. Jana nilimwita Seifu dukani nikamwambia ukweli wote."

"Akasemaje?"

"Alikaa juu ya gunia la kamba. Kisha akaniomba maji, nikaenda kumchotea mwenyewe."